New Hampshire: wawakilishi 400, dola 100 kwa mwaka, na mchujo wa kura mia tatu

Kila nikisema kazi yangu ni kufuatilia chaguzi za Marekani watu wanataka tuanze na Trump. Haya, ila mi utamu nauona chini huko, kwenye mabunge ya majimbo, na kipenzi changu ni New Hampshire, kajimbo ka kaskazini mashariki kenye watu 1,377,529 kwa sensa ya 2020, hata Zanzibar inawazidi. (Nikisema jimbo hapa namaanisha ile state yao, sio jimbo la uchaguzi kama letu, tusichanganyane.)

Sasa hao watu wachache hivyo wana Baraza la Wawakilishi lenye wajumbe 400. Mia nne! Na Seneti ya watu 24 pembeni. Ukigawanya unapata mwakilishi mmoja kwa kila watu kama 3,400, yaani huyo ni mbunge wa mtaa, unakutana naye dukani ananunua maziwa. Mshahara ni dola 200 kwa kipindi kizima cha miaka miwili, umeandikwa kwenye katiba tangu 1889 na haujaguswa, ukiacha hela ya mafuta ya kwenda na kurudi Concord ambako bunge linakaa. Kwa hiyo humo ndani wastaafu ni wengi, na wenye shughuli zao zinazowaruhusu kutoka katikati ya wiki. Hakuna mtu atauza shamba ili agombee kiti hiki.

Tuje kwenye mchujo wenyewe, yaani kura ya kumpata mgombea wa chama kabla ya uchaguzi mkuu, maana hapa ndo wasomaji wangu wa Tanzania huwa wananiuliza sana. Kwetu kura za maoni ni mambo ya chama, wajumbe wanapiga, jina linapanda vikao vya juu, na huko juu linaweza kukatwa, aliyeongoza akabaki anashangaa na aliyeshika nafasi ya tatu ndo anachukua fomu. New Hampshire mchujo unaendeshwa na serikali, mwezi wa tisa, vituo vilevile na wasimamizi walewale wa uchaguzi mkuu, na chama hakina kalamu ya kukata mtu. Aliyepata kura nyingi ndo huyo, viongozi wa chama wapende wasipende. Na kuingia ni rahisi mno, mwaka 2022 ada ya kugombea uwakilishi ilikuwa dola 2. Chai na chapati.

Kitu kilichonichekesha zaidi ni utaratibu wa wapigakura wasio na chama, ambao ni wengi sana kule. Kwenye mchujo wa 2022 ilikuwa hivi: unafika kituoni, unaulizwa unataka karatasi ya Democratic au ya Republican, vile vyama vyao viwili vikubwa, ukichagua tu tayari umeshakuwa mwanachama, unapiga kura yako, halafu kabla hujatoka unapita kwenye meza nyingine unajaza kafomu kadogo unarudi kuwa huna chama. Uanachama wa robo saa! Ukimweleza kada wa kwetu anadhani unamtania.

Sasa weka pamoja maeneo madogo na mchujo ulio wazi hivyo, uone kinachotokea. Mwaka 2018 kule Concord, Safiya Wazir, mama kijana wa miaka 27 aliyekuja Marekani kama mkimbizi kutoka Afghanistan, alimvaa kwenye mchujo wa Democratic Dick Patten aliyekuwa ameshakaa vipindi vinne. Akambwaga kwa kura 329 kwa 143. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko harusi nyingi nilizohudhuria, na ndo iliyomtoa mzee, mwezi wa 11 mama wa watu akaingia bungeni. Mtu akipita nyumba kwa nyumba wiki kadhaa, jioni baada ya kazi, kura kama hizo anazipata bila bango hata moja barabarani.

Ila udogo una upande wake wa kuumiza kichwa. Novemba 2022 huko Rochester kata ya 4, kura za Chuck Grassie wa Democratic na David Walker wa Republican zilipohesabiwa upya zilitoka 970 kwa 970. Wakati huo Republican walikuwa na viti 201 na Democratic 198, kwa hiyo kiti hicho kimoja kila mtu alikuwa anakitolea macho. Baraza lenyewe likaamua uchaguzi urudiwe, ukafanyika tarehe 21 Februari 2023, Grassie akashinda, ikawa 201 kwa 199.

Na kwa tofauti ya viti viwili ndani ya watu 400 wanaolipwa dola 100 kwa mwaka, wengi wao wazee, mahudhurio ndo yanakuwa siasa yenyewe. Watatu wa chama chenye viti vingi wakipata mafua na wawili wakakwama kwenye theluji, basi siku hiyo wengi bungeni ni wa chama kilichoshindwa uchaguzi.