Kijiji cha Uingereza kina usalama kiasi gani? Jinsi ya kusoma takwimu zake za uhalifu

Muuguzi au mlezi wa wazee aliyepata kazi katika kijiji cha Uingereza, kabla hajalipa kodi ya mwezi wa kwanza, siku hizi hufungua tovuti ya police.uk na kuandika msimbo wa posta wa nyumba aliyoonyeshwa. Ramani inafunguka. Vitone vimetapakaa, na pembeni kuna namba: tuseme matukio 9 kwa mwezi mmoja. Kijiji chenyewe kina kanisa, baa, duka moja na basi linalopita mara chache kwa siku. Hapo ndipo maswali huanza kutufikia sisi tunaofundisha takwimu za jamii. Tisa ni mengi? Na mahali ambapo watu wote wanajuana, ni nani anayefanya hayo?

Niseme mapema kwamba kwa karibu kila aina ya uhalifu unaorekodiwa na polisi, vijijini Uingereza kuna nafuu kuliko mijini. Mwenye hofu ya kuporwa simu njiani ana sababu ndogo sana ya kukosa usingizi huko. Lakini ramani ile, ukiisoma kama wengi wanavyoisoma, itakutisha pasipo na la kutisha, na itanyamaza palipo na hatari yenyewe.

Tuanze na vitone. Ramani hii ya mtaa kwa mtaa ilianza mwaka 2011, na hulishwa takwimu kila mwezi na vikosi vya polisi, ambavyo Uingereza na Wales viko 43. Kitone hakisimami kwenye mlango wa nyumba iliyoibiwa. Ili aliyedhurika asitambulike, mahali halisi pa tukio hufichwa, na tukio husogezwa hadi kwenye nukta iliyo karibu miongoni mwa nukta zilizopangwa tangu awali. Sharti ni kwamba eneo la kila nukta liwe na anwani zisizopungua 8, au lisiwe na anwani hata moja. Katikati ya London, anwani 8 ni sakafu moja ya ghorofa, kwa hiyo kitone kinasogea hatua chache tu. Mashambani, kuzipata anwani 8 kunaweza kukulazimu uvuke mashamba kadhaa na msitu juu yake. Ndiyo maana ramani husema tukio lilitokea kwenye au karibu na njia fulani. Trekta lililoibwa kwenye banda la mbali, nje kabisa ya kijiji, linaweza kuonekana kana kwamba liliondokea mbele ya kanisa.

Nukta nyingine ni za mahali penye shughuli: maegesho ya magari, vituo vya mafuta, maduka makubwa, hata magereza. Hili la magereza huwashangaza watu. Full Sutton, mashariki ya jiji la York, ni kijiji kidogo, ila pembeni yake kuna gereza la ulinzi mkali lililofunguliwa mwaka 1987. Wafungwa wakipigana, au askari magereza akishambuliwa na polisi wakajulishwa, hilo ni kosa la jinai kama jingine lolote na huhesabiwa katika eneo lile. Mstaafu anayepogoa mawaridi yake nje ya ukuta hajaguswa na mtu.

Halafu kuna udogo wa namba zenyewe, na hapa ndipo hata waandishi wa habari huteleza. Chukua kijiji cha watu 400. Wizi mmoja tu hapo ni sawa na 2.5 kwa kila watu 1,000. Usiku mmoja gari la wezi likipita na kuvunja vibanda vinne vya bustani, kijiji kimefikisha 10 kwa kila watu 1,000, kiwango kinachozidi wastani wa nchi nzima kwa wizi wa kuvunja. Mwaka unaofuata gari lile lisiporudi, tutaambiwa wizi umeshuka kwa asilimia 100. Hakuna aliyetubu, wala polisi hawajafanya muujiza. Kwa sehemu ndogo kiasi hicho mimi sitazami mwaka mmoja hata kidogo. Natazama mitatu au zaidi, na hata hapo nasema kwa tahadhari.

Watakwimu wa serikali wanalijua tatizo hili, ndiyo maana hupenda kutumia maeneo yenye wakazi kati ya 1,000 na 3,000. Dawa hiyo nayo ina madhara yake: kijiji chako kitaunganishwa na vijiji jirani, pengine na ukingo wa mji wenye duka kubwa linaloibiwa kila wiki, na namba itakayotoka itakuwa ya wote. Tena gawanyo lenyewe hutumia idadi ya wakazi. Bibury, katika vilima vya Cotswolds, ina wakazi wapatao 600, lakini majira ya joto hufurika watalii kwa maelfu kuja kupiga picha nyumba zake za mawe. Mkoba wa mtalii ukiibwa garini, Bibury inaandikiwa wizi, ilhali mtalii mwenyewe hahesabiwi kuwa mmoja wa watu wa kugawanyia. Ukikuta kijiji cha kitalii kina kiwango kikubwa cha wizi wa magarini, jiulize kwanza magari ni ya nani.

Majina ya makundi nayo yanahitaji tafsiri. Kundi la ukatili na makosa ya kingono mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote, hata vijijini, na msomaji hupata picha ya watu wakichomana visu kando ya kisima. Kundi hilo limebeba mambo mengi: kujeruhi, ndiyo, lakini pia vitisho, kufuatwafuatwa, na ujumbe wa matusi kwenye simu. Ugomvi wa majirani wawili juu ya ua wa miti, ukifika kwenye meseji za kutishana na mmoja akapiga simu polisi, unaingia humo. Wizi wa kuvunja nyumba unajumuisha vibanda na gereji zilizomo ndani ya kiwanja. Nazo kero za kuvuruga utulivu, kama vijana wenye pikipiki uwanjani au muziki usiku wa manane, huwekwa kwenye ramani ileile ingawa nyingi si makosa ya jinai. Ziondoe kwenye hesabu kabla hujafanya lolote.

Jambo moja kuhusu mwenendo wa miaka. Mwaka 2014 wakaguzi wa polisi walikadiria kwamba asilimia 19 ya makosa yanayoripotiwa kwa polisi, zaidi ya 800,000 kwa mwaka, hayakuwa yakiandikwa. Mwaka huohuo takwimu za polisi zikavuliwa hadhi ya takwimu za taifa. Baada ya aibu hiyo polisi walianza kuandika kwa umakini zaidi, na makosa ya ukatili yakapanda kwenye karatasi. Utafiti wa kaya ulioanza mwaka 1982, ambao huwauliza watu yaliyowapata wawe wameripoti au hawakuripoti, unaonyesha kwamba uhalifu wa kawaida ulifika kilele mwaka 1995 na umeshuka sana tangu hapo. Anayekuambia kwamba kijiji kimeharibika kuliko zamani, muulize anatumia daftari lipi.

Sasa tugeukie wanaoishi huko, kwa sababu wao wana orodha yao ya hofu, na haifanani na ya ramani.

Ya kwanza ni wizi wa mashambani. NFU Mutual, kampuni ya bima ya wakulima, ilikadiria gharama ya uhalifu wa vijijini katika Ufalme wa Muungano kuwa pauni milioni 52.8 mwaka 2023, kisha milioni 44.1 mwaka 2024. Vinavyoibwa ni vifaa vya kuongozea matrekta kwa setilaiti, dizeli, kondoo, na pikipiki za magurudumu manne ambazo wafugaji huzitumia kuzungukia mifugo. Hizo pikipiki ziliibwa mno hata ikatungwa sheria mwaka 2023 ili zinapouzwa mpya ziwe na kifaa cha kuzuia injini isiwashwe na wezi, pamoja na alama za utambulisho. Wakulima wenyewe wana maarifa madogo yanayofaa kuigwa. Geti la shamba hushikwa na bawaba mbili, na pini zake zikielekea juu zote mbili, watu wawili wanalinyanyua geti zima na kuliweka kando, kufuli likiwa halijaguswa. Kwa hiyo pini ya juu hugeuzwa ikatazama chini, na geti halinyanyuki tena. Wezi huja kutoka mbali, mara nyingi wakiwa wamepita mchana kuchungulia, na paa la kanisa la zamani lililoezekwa kwa madini ya risasi nalo linawavutia, maana madini hayo yana soko.

Pia kuna uwindaji wa sungura pori kwa mbwa, ambao mtu wa mjini huudhani mchezo. Baada ya mavuno, wanaume wenye magari ya kupanda milima huingia kwenye mashamba yasiyo yao, huachia mbwa na kuweka dau la fedha. Umepigwa marufuku tangu sheria ya mwaka 2004, na adhabu zikaongezwa mwaka 2022, ikiwamo kifungo cha hadi miezi sita. Mkulima anayewazuia hutishwa. Kwenye ramani hutaukuta kwa jina lake, lakini keti baa ya kijijini mwezi Oktoba usikilize.

Lililo zito kuliko haya yote halina kitone kinachoonekana kirahisi. Mwaka 2019 mtandao wa kitaifa wa uhalifu wa vijijini, National Rural Crime Network, ulitoa ripoti kwamba ukatili wa majumbani katika maeneo ya vijijini kabisa hudumu kwa wastani asilimia 25 zaidi kabla haujakoma. Sababu si ngumu kuzielewa. Nyumba ziko mbali na nyingine, basi ni moja, gari ni la mume, daktari na mwenye duka wanamfahamu mume tangu utotoni. Mwongezee mwanamke huyo kwamba amekuja kwa viza inayomtegemea mumewe, na kwamba ndiye Mswahili peke yake katika kata nzima. Kijiji cha namna hiyo kinaweza kuwa na ramani safi kabisa.

Kwa hiyo haya yajulikane. Namba ya dharura ni 999. Ukipiga kwa simu ya mkononi na huwezi kusema kwa sababu aliyekudhuru amesimama hapo, msikilize mpokeaji. Kohoa au gonga kitu kama unaweza, na ukiambiwa ubonyeze 55, bonyeza. Utaunganishwa na polisi. Usidhani hatua hiyo peke yake inawaonyesha ulipo. Fuata maswali yao. Tangu mwaka 2014 pia upo utaratibu, Uingereza na Wales kote, uitwao Sheria ya Clare, unaompa mtu haki ya kuomba polisi wamweleze kama mwenzi wake ana historia ya ukatili. Kwa lisilo la dharura piga 101.

Hatari ya pili isiyo na kitone ni barabara. Zaidi ya nusu ya vifo vya barabarani nchini humo hutokea kwenye barabara za vijijini. Kikomo cha kawaida cha mwendo kwenye barabara hizo za njia moja kila upande ni maili 60 kwa saa, karibu kilomita 96, na baadhi yake ni nyembamba kiasi kwamba magari mawili hayapishani bila moja kurudi nyuma. Hakuna njia ya waenda kwa miguu, hakuna taa, ua wa miti umeziba kona, na wakati wa baridi saa kumi jioni giza limeshaingia. Mtanzania au Mkenya amezoea kuendesha upande wa kushoto, kwa hiyo hilo halimsumbui; linalomponza ni kudhani kikomo ni mwendo unaotakiwa. Mlezi anayezungukia wazee majumbani, kijiji hadi kijiji, saa kumi na mbili alfajiri, yuko katika hatari kubwa zaidi usukanini kuliko anapofunga mlango wake usiku. Ukitembea gizani vaa kizibao cha kung'aa, na palipokosa njia ya miguu tembea upande wa kulia ukitazamana na magari.

Ulinzi wenyewe ukoje? Vijiji vingi havina kituo cha polisi. Kuna askari wasaidizi wa jamii, walioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, wanaopita mara mojamoja; hawana mamlaka ya kukamata kama polisi kamili, lakini ndio wanaojua mambo. Kuna pia ulinzi wa majirani, Neighbourhood Watch, ulioanzia nchini humo katika kijiji cha Mollington, Cheshire, mwaka 1982. Usiufananishe na sungusungu. Hawashiki rungu na hawamkamati mtu: wanatazama, wanaandika namba ya gari geni, wanapiga simu. Jirani akikuuliza unaishi nyumba ipi, mara nyingi ndicho anachokifanya, ingawa sitakataa kwamba kwa mtu mweusi swali hilo huja mara nyingi kuliko inavyostahili. Ukitukanwa au kutishwa kwa ajili ya rangi au dini yako, hilo ni kosa, liripoti. Na usijilinde kwa dawa ya kupulizia machoni: huko ni silaha haramu kuwa nayo, hata mkobani.

Kabla ya kusaini mkataba wa nyumba, ukishaitazama ramani kwa miaka mitatu, tafuta kumbukumbu za vikao vya halmashauri ya kijiji. Nyingi huwekwa mtandaoni, na humo mara nyingi husomwa taarifa ya polisi wa eneo. Tazama wanajadili nini kwa kirefu. Ukikuta wizi una mistari miwili, na kurasa mbili zinazofuata zinahusu magari yanayokimbia mbele ya shule na kinyesi cha mbwa njiani, umeshapata picha ya kijiji hicho, na picha hiyo haipatikani kwenye ramani yoyote.