Dhana potofu kuhusu kipupwe cha Kitulo

Kila ifikapo Juni, wageni wanaopanda uwanda wa Kitulo au mlima Rungwe, kusini mwa Tanzania, huja na hoja ileile: dunia imepata joto, hata Ulaya vituo vya mchezo wa kuteleza vinakosa theluji, basi na kipupwe cha Nyanda za Juu Kusini si kile cha zamani. Begini wana jaketi la mvua na shuka la Kimasai.

Dhana: Siku hizi kipupwe hakigandishi

Joto la dunia limepanda kweli, tena kwa zaidi ya nyuzi 1, lakini huo ni wastani, na hakuna anayelala ndani ya wastani. Theluji ya Alps, milima ya Ulaya yenye vituo hivyo, hutoka mawinguni. Hewa ikizidi sifuri kwa nyuzi chache hugeuka mvua, ndiyo maana vituo vilivyo chini huumia kwanza. Sakitu ya Kitulo, yaani barafu nyembamba inayoganda juu ya majani usiku, haihitaji wingu. Inataka anga jeupe na upepo uliotulia, hali ya kawaida Juni hadi Agosti. Usiku kucha ardhi hupoteza joto kuelekea angani na hakuna kinachoizuia, hadi majani yanakuwa baridi kuliko hewa iliyo juu yake. Kipimajoto kwenye kimo cha kifua kinaweza kusoma nyuzi 2 au 3 huku nyasi ni nyeupe.

Halafu kuna utabiri wa simu, ambao watu huuamini kupita kiasi. Ule ni wa Mbeya mjini, mita 1,700 hivi. Uwanda wa Kitulo uko takriban mita 2,600, na kila mita 1,000 hupunguza kama nyuzi 6. Ukiandikiwa 8, toa 5 au 6 kwanza. Ukipiga hema bondeni kando ya kijito kwa sababu panapendeza kwenye picha, toa tena: hewa baridi ni nzito, hutiririka na kutuama huko. Pandisha hema mteremkoni, hata mita 20 tu.

Ndani vaa fulana isiyo ya pamba (pamba hushika jasho, ukisimama inakugandisha), juu yake sweta la sufu, la mtumba linatosha kabisa, kisha jaketi la kuzuia upepo. Ongeza kofia, glavu, na soksi kavu ambazo hazivaliwi ila usingizini. Na kabla ya kununua blanketi la pili, tafadhali, nunua mkeka wa sponji. Blanketi ulilolalia hubanwa na uzito wako, linapoteza hewa iliyokuwa inatunza joto, na ardhi inakunyonya hadi alfajiri. Hema nalo usilizibe kila upande. Pumzi hugeuka maji, maji hulowesha kila kitu.

Dhana: Jiko la mkaa hemani halina shida ukiacha zipu wazi kidogo

Linaua. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na makaa yaliyokwisha moshi bado huitoa. Hapa hakuna mjadala.

Dhana: Pombe kali hupasha mwili

Hupeleka damu kwenye ngozi, unahisi joto huku unalipoteza. Kunywa uji.

Dhana: Kitulo huanguka theluji

Picha zinazosambaa huwa ni za sakitu nzito au mvua ya mawe. Theluji ya Tanzania iko Kilimanjaro. Anayetaka kuona sakitu awe nje kabla jua halijachomoza, kwa sababu haistahimili jua la asubuhi.

Dhana: Julai ndiyo wakati wa maua

Maua ni Novemba hadi Aprili, pamoja na mvua na tope. Julai uwanda ni nyasi kavu na anga safi, mzuri kwa kutembea. Chagua kimoja, usimlaumu mwongozaji.

Dhana: Penye baridi jua haliunguzi

Mionzi huongezeka kadiri unavyopanda, na upepo baridi unakuficha maumivu hadi jioni. Paka mafuta ya kukinga jua kabla ya kutoka, rudia mchana, na usisahau masikio na shingo.