Acheni Kuficha Sura Zenu: Dhana Potofu za Kutangaza Vitabu vya Maarifa

Wiki hii nimeulizwa tena lile swali. Mwandishi ana kitabu kizuri tu, kimehaririwa, kava limetulia, namba ya ISBN ipo, namwambia haya sasa chukua sura moja nzima uitoe, watu waisome bila kulipa. Anakaa kimya kidogo alafu ananiambia, "Sasa nikiitoa bure nani atanunua?" Jamani. Kila mteja lazima aniulize hili, na kila mmoja anadhani yeye ndo wa kwanza kuliwaza. Basi naliandika hapa mara moja, pamoja na mengine yanayofanana nalo, ili akija mwingine nimtumie hii nikaendelee na kazi zangu.

Hapa naongelea vitabu vya maarifa, yaani biashara, afya, malezi, historia, ufundi, lugha na kadhalika. Wa riwaya nawapenda sana ila mambo yao yanaenda tofauti.

DHANA: Nikitoa yaliyomo bure, hakuna atakayenunua

Kitabu cha maarifa hakifi kwa sababu watu wamekisoma sana bure, kinakufa kwa sababu hakuna anayejua kwamba kipo. Tim O'Reilly, ambaye kampuni yake imechapisha vitabu vya kompyuta miaka na miaka, aliandika mwaka 2002 kwamba kutojulikana kunamuumiza mwandishi kuliko hata uharamia. Na yeye alikuwa anaongelea watu wanaoiba kitabu kizima, sembuse wewe unayeogopa kutoa kurasa chache za kwako mwenyewe!

Hebu angalia mtu ananunuaje kitabu cha aina hii. Ana jambo linamsumbua, anaingia mtandaoni anaandika kwa maneno yake mwenyewe, haandiki jina la kitabu chako maana hajawahi kulisikia, na jina lako pia hajalisikia. Akikutana na maelezo yaliyomjibu sawasawa, tena bila kumzungusha, hapo ndo anaanza kujiuliza huyu aliyeandika ni nani na ana nini kingine. Wewe umejificha nyuma ya kava unasubiri akununue kwanza ndo umjibu. Atanunua kwa ushahidi gani?

Alafu kuna kitu waandishi hawataki kukisikia, ngoja nikiseme tu: taarifa zilizomo kwenye kitabu chako, nyingi zipo tayari mtandaoni. Sio zote ila nyingi. Anachokulipia msomaji ni kwamba umezichuja, umezipanga, umemwambia anza hapa, hiki achana nacho kwa sasa, hiki watu wengi wanakosea hivi. Huo mpangilio hauwezi kuibiwa na sura moja uliyoitoa. Mtu akisoma sura ya tatu na ikamsaidia hasemi "nimeshiba", anataka kujua ya nne inasemaje.

Nitoe mfano wa karibu. Kuna mteja ameandika kitabu cha hesabu za biashara ndogo. Alipokuja kwangu posti zake zote zilikuwa picha ya kava na maneno "Kitabu kipo sokoni, jipatie nakala yako leo, kina siri zitakazobadilisha biashara yako". Komenti chini ni hongera sana, Mungu akuinue, hongera mkuu, nimefurahi kuona jina lako. Hongera zimejaa, mauzo hakuna, kwa sababu posti yenyewe haikumpa mtu chochote zaidi ya nafasi ya kukupongeza.

Tukafungua kitabu. Sura ya tatu inajibu swali ambalo kila mwenye biashara analijua: kwanini mauzo yapo lakini hela haionekani? Mle ndani ameeleza vizuri kabisa, kwamba kuna hela ya mkopo imeandikwa kama mauzo wakati bado iko mfukoni kwa mteja, kuna hela imelala kwenye mzigo usiotoka, na kuna hela mwenye biashara anachomoa kidogo kidogo kwa matumizi ya nyumbani bila kuandika popote. Alafu ameweka jedwali la safu mbili, kushoto kilichouzwa, kulia kilichoingia mkononi, unajaza ya wiki moja tu unaona pengo mwenyewe. Sasa hiyo ndo posti! Hiyo ndo makala, hiyo ndo ya kwenda kuongelea kwenye podikasti. Tukaitoa yote na jedwali lake, kichwa cha habari ni lile swali kama watu wanavyolisema mdomoni, mwisho mistari miwili tu kwamba hii ni sura ya tatu ya kitabu fulani, inayofuata inaonyesha namna ya kujilipa mshahara bila kuua biashara, linki hii hapa. Komenti zikabadilika. Badala ya hongera watu wakaanza kuuliza, mimi nauza huduma sio bidhaa hili jedwali nalijazaje, na mzigo wa mali kauli naandika wapi. Mtu anayeuliza hivyo ndo mnunuzi, yule wa hongera ni ndugu yako.

Na tafadhali usilete ule ujanja wa kutaja mbinu nne alafu unaandika "ya tano ambayo ndo kubwa ipo kitabuni". Msomaji anajiona kachezewa. Toa jibu lililokamilika kwa swali dogo, swali kubwa ndo kazi ya kitabu.

Toa pia sura nzuri kuliko zote, sio ile dhaifu unayoona haina hasara. Wengi wakikubali kutoa kitu wanatoa utangulizi, wakati utangulizi ndo kurasa ambazo hata waliokwisha nunua wanazirukaga. Hili linakuumiza hata kwenye maduka ya mtandaoni, maana sampuli ya Kindle, yaani vitabu vya kidijitali vya Amazon, kwa kawaida ni takriban asilimia 10 za mwanzo wa kitabu. Ukianza na tabaruku, shukrani kwa watu wote uliosoma nao, dibaji ya mheshimiwa fulani, dibaji ya pili, alafu wasifu wako, kwa kitabu kifupi sampuli inaisha kabla hujasema neno moja la maana. Shukrani zipeleke nyuma. Nimegombana na waandishi kwa hili na nitaendelea kugombana.

"Je wakiniibia wazo?" Wazo halina hakimiliki. Hakimiliki inalinda namna ulivyoliandika, maneno na mpangilio wako, na kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao upo tangu 1886 na nchi nyingi sana zimo, ulinzi huo unaanza pale tu unapoandika, sio mpaka usajili mahali. Kwa hiyo makala uliyoitoa chini ya jina lako na tarehe yake bado ni mali yako, na inakusaidia kuonyesha kwamba ulikuwa wa kwanza kulisema hivyo.

Mpaka ninaoukubali mimi ni wa mkataba. Kama una mchapishaji, soma mkataba unaruhusu kutoa kiasi gani, au muulize kwa maandishi. Na kama umejipeleka mwenyewe Amazon kupitia KDP, huduma yao ya kujichapishia kitabu, ukajiunga na mpango wake wa KDP Select, umewapa upekee wa nakala ya kidijitali kwa vipindi vya siku 90, huruhusiwi kuweka kitabu kizima kwingine kidijitali, ila sehemu isiyozidi asilimia 10 inaruhusiwa kama sampuli. Kwa hiyo pima urefu wa sura yako kabla ya kuitoa. Watu wanatiki kile kiboksi bila kusoma alafu wanashangaa kupokea onyo.

DHANA: Kitabu changu kinamfaa kila mtu

Kila mtu hana grupu la WhatsApp. Nikikuuliza nani atakisoma ukanijibu "kila mtu, kuanzia vijana mpaka wazee", sijui nikupeleke wapi kukitangaza. Niambie ni mwalimu wa darasa lenye watoto wengi, au mama aliyejifungua karibuni na mtoto halali usiku, hapo najua wako wapi, wanamsikiliza nani na wanaandika maneno gani wakitafuta. Hayo maneno yao ndo yanaingia kwenye jina dogo la chini ya kava, kwenye maelezo ya nyuma, na kwenye yale maboksi 7 ya maneno ya utafutaji ambayo KDP inakupa na watu wanayajaza "kitabu", "kizuri", "mafanikio". Nani anatafuta kitabu kwa kuandika neno kitabu? Wengine watakisoma tu, hujawafungia mlango.

DHANA: Nina wafuasi wengi, kitauzika chenyewe

Wafuasi walikuja kwa sababu fulani, labda unachekesha, labda uliwahi kubishana na mtu maarufu. Sababu hiyo isipofanana na mada ya kitabu hawanunui na wala sio kosa lao. Alafu akaunti sio yako, ni ya mwenye mtandao, akiamua posti zako zionwe na wachache ndo imetoka hiyo, akiifunga umebaki na kava lako mkononi.

Mimi ushauri wangu haujabadilika na najua unawachosha: kusanya imeili. Weka kitu kidogo cha kupakua kinachoendana na kitabu, kama lile jedwali la juu, mtu anaacha imeili yake kwa hiari anakipata. Hata linki yake iandike ndani ya kitabu, kwa sababu Amazon haikupi majina wala imeili za walionunua, watu wanakusoma na huwajui. Alafu waandikie mara kwa mara vitu vyenye faida, sio unanyamaza mwaka mzima unaibuka na "nina kitabu kipya". Na usiwaingize watu kwenye orodha kwa nguvu eti kwa sababu mliwahi kuandikiana, watakubofya kama spamu na baada ya hapo hata wale waliokuwa wanakusubiri imeili zako hawazioni.

Kubusti posti kwa hela? Sawa, ila baada ya posti kufanya vizuri yenyewe. Posti iliyokosa mvuto ukiilipia unalipia watu wengi zaidi waipite.

DHANA: Promo inaanza siku ya uzinduzi

Siku hiyo ni ya keki na picha. Wasomaji wa awali wanatakiwa wawe na nakala wiki kadhaa nyuma ili siku kinatoka wawe na cha kusema, na mada yenyewe uwe umeiongelea miezi kabla watu wakuzoee nayo. Baada ya uzinduzi ndo wengi wananyamaza kabisa, wakati kitabu cha maarifa hakiozi haraka. Tatizo kinalotatua likirudi kila mwaka, nawe rudi kila mwaka. Kitabu cha kodi kitangaze msimu wa kodi, cha mitihani kitangaze kabla ya mitihani, hata kama kilitoka miaka mitatu iliyopita.

DHANA: Ndugu na marafiki wanijazie nyota tano

Hapana. Amazon hairuhusu riviu za wanafamilia na marafiki wa karibu, na wanaziondoa. Za kununua ndo mbaya zaidi, Marekani tume yao ya biashara, FTC, ilitoa kanuni mwaka 2024 inayopiga marufuku kuuza na kununua riviu feki. Kumpa mtu nakala bure ni ruksa, kumshurutisha aandike au kumpangia cha kuandika sio. Omba tu kwa ustaarabu ukurasa wa mwisho wa kitabu, pale ambapo aliyefika amesoma kweli.

DHANA: Mchapishaji atatangaza

Atatangaza kidogo, kipindi kinatoka, alafu anahamia kwenye kitabu kinachofuata. Muulize mapema nakala ngapi za kugawa kwa wahakiki na utapata nakala zako kwa punguzo gani. Mengine ni yako.

DHANA: Kuuza ni nakala moja moja, mtu mmoja mmoja

Hii wanaiamini hata waandishi wazoefu. Kitabu cha maarifa kinaweza kununuliwa kwa mkupuo na mtu ambaye hata hatakisoma, anawanunulia wengine: anayeendesha mafunzo, chama cha wanataaluma, kampuni inayofundisha wafanyakazi wapya, mwandaaji wa semina anayetaka kila mshiriki aondoke na kitu. Wewe unahangaika na stetasi kila asubuhi wakati barua moja iliyoandikwa vizuri ingeweza kutoa boksi zima.

Barua yenyewe iwe fupi. Mwambie umeona anafundisha nini, taja sura mbili zinazoingia moja kwa moja kwenye mafunzo yake, mwambie bei ya kuanzia nakala 20 na bei ya kuanzia 50, na kwamba unaweza kuja au kuunganishwa kwa video nusu saa kujibu maswali ya washiriki. Ambatisha ile sura yako nzuri. Usianze na historia ya maisha yako, na usimwandikie "Kwa yeyote anayehusika", tafuta jina lake. Asipojibu baada ya wiki mbili mkumbushe mara moja, alafu nenda kwa mwingine.