Ujia haujafunguka mpaka dereva auone

Ukitaja mhandisi wa jeshi, wengi hufikiria madaraja. Jangwani kazi yetu ni mchanga: kuuchimba, kuusukuma, na kujua kilichofukiwa ndani yake. Februari 1991, katika Vita vya Ghuba, nilikuwa luteni mwenye platuni ya wahandisi mpakani mwa Saudi Arabia na Iraki. Tangu hapo jambo ninalowasisitizia maafisa vijana ni hili: kuondoa mabomu yaliyotegwa ardhini ni nusu tu ya kufungua njia.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa tuta refu la mchanga. Hilo buldoza zenye deraya zililimaliza haraka. Nyuma yake ndiko kulikokuwa na mabomu. Kuyaondoa, roketi hurushwa ikiwa inavuta kamba nene iliyojaa baruti, karibu kilo 800, kamba inalala juu ya uwanja, kisha inalipuliwa. Kwa vitabu, unapata ujia wa mita 100 kwa urefu na mita 8 kwa upana.

Vitabu havisemi yote. Baadhi ya mabomu ya Iraki yalikuwa ya plastiki, yaliyotengenezwa Italia, na fyuzi zake, yaani viwashio vya kulipua, zilibuniwa zisishtuke kwa mshindo wa ghafla. Zinangoja uzito unaokandamiza, kama wa kifaru. Kwa hiyo kamba ikishalipuka, ardhi imechimbika na bado kuna bomu zima limetulia chini. Ndipo kinapita kifaru chenye jembe mbele. Nalo jembe, aina tuliyokuwa nayo, lililima mistari miwili tu, pale minyororo inapokanyaga. Katikati panabaki hapajaguswa, na mabomu yaliyofukuliwa yanalala hai kwenye matuta ya pembeni. Lori magurudumu yake hayalingani na minyororo ya kifaru. Dereva wake akipinda nusu mita, kazi yote ya asubuhi imekwenda bure, na yeye pamoja nayo.

Upepo nao una mambo yake. Kuna mahali ulikuwa umefagia mchanga, mabomu yakaonekana waziwazi, meusi, yamejipanga safu. Askari wapya walifurahi. Mimi niliogopa zaidi, kwa sababu jicho likishapata cha kuangalia huacha kutafuta, na upepo uleule uliofunua hapa umefukia pale.

Ndiyo maana nawarudisha vijana El Alamein, Oktoba 1942, katika Vita vya Pili vya Dunia. Huko Misri wahandisi walitembea kwa miguu usiku, mizinga ikinguruma, mikononi wakiwa na vifaa vya kutambua chuma vilivyobuniwa na Mpolandi Józef Kosacki. Hiyo sehemu inajulikana. Kinachonigusa mimi ni mabati ya petroli. Waliyatoboa kwa maumbo, jua, mwezi, nyota, chupa, mashua, kofia, wakaweka taa ndani na kuyapanga kandokando ya barabara za kuelekea mbele. Dereva hakuhitaji ramani. Akiambiwa fuata mwezi, alifuata mwezi. Aliyewaza vile alimjua mtu ambaye hajalala siku mbili.

Sisi kamba yetu ya pili ilikataa kulipuka. Ililala pale kama nyoka aliyekufa, na nyuma yetu vifaru vilishaanza kupanga foleni. Sajini wangu hakusubiri amri. Aliifuata kwa miguu, akikanyaga kwenye alama za minyororo, akafunga fyuzi nyingine, akarudi kwa mwendo uleule, bila kukimbia. Ikalipuka. Jembe likapita, likapita tena.

Sasa tukaanza kuweka alama. Upepo wa mchanga ulikuwa umechanganyika na mvua, vijiti vinaangushwa, utepe unakatika. Tulirudia upande wa kushoto wote. Kwenye redio nilikuwa nikiulizwa kila dakika mbili kwa nini vifaru havisogei. Nikajibu kwamba ujia bado. Hata leo ningejibu hivyo.

Kifaru cha kwanza kilipofika mdomoni kikasimama. Dereva alitoa kichwa, macho mekundu kwa vumbi.

"Afande, huku kote kumepitwa?"

"Kumepitwa."

"Nawe umepita?"

Sikuwa nimepita. Nikashika taa, nikatangulia mbele yake kwa miguu ujia mzima, nikisikia injini yake mgongoni.