Hamira haitagi mayai

Mfugaji akija kulalamika kuwa kuku wamepunguza mayai, hata sijauliza wanakula nini, yeye ananiwahi: "Daktari, niwatilie hamira kiasi gani?" Hapa Mbeya, Mbalizi swali ni hilo, Uyole hilo hilo. Leo naandika nipumzike.

Kuku hutumia saa 24 hadi 26 kutengeneza yai moja, na hamira haimharakishi. Ukiniletea kiganja cha chakula chako, mara nyingi naona pumba tupu: dagaa hawanusiki, chokaa haionekani, mashudu ya alizeti yamepunguzwa kwa sababu bei imepanda. Halafu juu yake hamira ya maandazi! Kuku anayetaga anataka protini asilimia 16 hadi 18 na kalsiamu karibu asilimia 4. Ganda la yai moja tu lina kama gramu 2 za kalsiamu, nayo haitoki kwenye hamira. Ni kweli hamira ina protini na vitamini B, ila kwa kile kijiko unachotia kwenye debe, havifiki popote. Faida yake iko kwenye utumbo: husaidia usagaji wa chakula na kinga. Hiyo ataiona mwenye mchanganyiko uliokamilika. Na wewe unayeikorogea kwenye uji unaofuka moshi kwa sababu asubuhi ni baridi, hamira hai unaiua kabla kuku hajadonoa.

Tena malalamiko hujaa Juni na Julai. Kipindi hicho kuku anakula zaidi ili apate joto, wewe unampimia kipimo cha Januari. Mchana nao haufikii urefu wa saa 12, wakati kuku wa mayai anataka mwanga wa saa 16 hivi. Nunua balbu kwanza, jamani.

Hamira kufanya kiini kiwe cha njano? Hayo ni mahindi ya njano na majani mabichi. Mahindi yetu mengi ni meupe.

Hamira kuzuia kideri (ugonjwa wa Newcastle)? Hapana. Chanja.

Mahindi yenye ukungu "yatasafishwa" na hamira? Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki hivyo. Usiwape kuku, wala usiyauze kwa jirani.

Machicha ya pombe nayo si mbadala wa hamira. Yana nyuzi nyingi na maji mengi, kwa hiyo yakaushe juani siku ile ile, uyatie kidogo tu. Yakishalala kwenye ndoo na kuota ukungu, mwaga.