Asiyechukua mshahara naye ana maslahi: wauza vyuma katika siasa za Marekani

Kazi yangu ni kuwafundisha wafanyabiashara wanaotaka udiwani kanuni za maadili na taratibu za zabuni, na kwa miaka mingi dai moja limekuwa likirudi mezani kwangu, kila mara kutoka kinywa kingine. Mara ya mwisho lililetwa na mzee mmoja mwenye duka la mabati, saruji na nondo, mtu muungwana ambaye huwakopesha mafundi hadi wenye nyumba walipe. "Mwalimu," aliniambia, "mimi posho ya baraza sitaigusa hata shilingi. Sasa nani atasema nina maslahi?" Nilimjibu kwa kisa cha Albany, makao makuu ya jimbo la New York, na kwa kuwa nimechoka kukisimulia kwa mdomo, safari hii nakiandika.

Dhana: anayetumikia bure hana maslahi.

Erastus Corning alizaliwa mwaka 1794 katika jimbo la Connecticut, na akiwa na umri wa miaka 13 alipelekwa mji wa Troy, jimboni New York, kufanya kazi katika duka la bidhaa za chuma la mjomba wake. Mwaka 1814 alihamia Albany, akawa mbia katika duka jingine la namna hiyo, kisha akawa mwenye duka, kisha mwenye kiwanda cha misumari. Alikuwa meya wa Albany kuanzia 1834 hadi 1837, akaingia Seneti ya jimbo mwaka 1842 na kukaa humo hadi 1845, na baadaye akaenda Bunge la taifa, Washington. Katika miaka ya umeya na useneta wake, tangu 1833, alikuwa pia rais wa kampuni ya reli iliyounganisha miji ya Utica na Schenectady, jimboni humo, kazi aliyoifanya kwa miaka 20 bila kupokea mshahara. Aliomba jambo moja tu: kwamba vyuma vyote ambavyo kampuni ingevihitaji, ivinunue kwake.

Hapa ndipo wateja wangu hutikisa kichwa kwa kuridhika na kusema, "Unaona, alijitolea." Huwa natoa kalamu. Reli ya chuma hulala juu ya mataruma, yaani magogo yaliyolazwa kukingama chini yake, na kila inapokutana na taruma hupigwa misumari miwili, mmoja kila upande, yenye kichwa kilichopinda ili kishike kitako cha reli. Kwa reli mbili, taruma moja inakula misumari minne. Mataruma yakipangwa kila baada ya sentimita 60, kilomita moja inameza zaidi ya misumari 6,600, na njia ya Utica na Schenectady ilikuwa na urefu wa kilomita zipatazo 125. Taruma huoza, msumari hulegea, vyote hubadilishwa. Mshahara hulipwa mara moja na kuonekana katika hesabu ambazo kila mwanahisa anaweza kuzisoma, lakini faida ya msumari huingia kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, ndani ya ankara ambayo hakuna mtu anayeikagua kwa jicho la kutafuta mshahara. Mwaka 1853 kampuni kumi za reli kati ya Albany na Buffalo ziliunganishwa kuwa New York Central. Corning akawa rais wake wa kwanza hadi 1864, na duka lake likaendelea kuiuzia.

Sisemi kwamba chuma chake kilikuwa kibovu. Kiwanda chake kilishiriki kutengeneza mabamba ya chuma ya meli ya kivita Monitor, iliyopigana mwaka 1862 katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwa kazi hiyo hakuna anayemkosoa. Ninachosisitiza, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa ukali wangu, ni kwamba ubora na bei si swali la kwanza kabisa. Swali la kwanza ni hili: ndani ya kampuni, ni nani ambaye wajibu wake ulikuwa kulalamikia bei? Ni rais wa kampuni, na rais wa kampuni ndiye aliyekuwa akiipokea bei hiyo.

Upande wa siasa jambo hilohilo linajitokeza kwa uzito zaidi. Reli ya Utica na Schenectady ilipita sambamba na mfereji wa Erie, njia ya maji ya mashua za mizigo iliyokuwa mali ya jimbo, na ili kulinda ushuru wa mfereji kampuni ilikatazwa kubeba mizigo. Mwaka 1844 Bunge la jimbo liliiruhusu kubeba mizigo pale mfereji unapofungwa, kwa sharti la kulipa ushuru uleule wa mfereji. Mwaka huo Corning alikuwa seneta wa jimbo hilo. Sidai kwamba kura yake ndiyo iliyoamua. Nasema kwamba mtu asiyepokea mshahara alikuwa amekaa ndani ya ukumbi ambamo sheria ya reli yake ilipitishwa, na kila tani iliyoongezeka juu ya njia ile ilimaanisha chuma zaidi kutoka dukani kwake.

Anayetaka mfano wa kinyume namwonyesha Uingereza. Joseph Chamberlain alitajirika Birmingham kwa skrubu, akawa meya mwaka 1873, na mwaka 1874 akauza sehemu yake katika kampuni. Baada ya hapo ndipo alipoliongoza jiji kununua kampuni za gesi na maji. Ushauri wangu kwa kila mtu ni huo: uza, au acha kuiuzia serikali. Njia ya tatu sijaiona.

Dhana: duka likiandikwa jina la mke, mgongano wa maslahi umekwisha. Haukwisha. Sheria ya manispaa ya jimbo lilelile la New York, kwa namna ilivyo leo, inahesabu mkataba wa mke au mume wa kiongozi kuwa na maslahi ya kiongozi mwenyewe, na mkataba uliofanywa kwa kukusudia kinyume cha katazo hilo ni batili.

Dhana: wauza vyuma walinunua njia ya kuingia madarakani kwa fedha. Fedha walikuwa nazo, lakini mtaji wao mkubwa ulikuwa daftari la mikopo. Mkulima alichukua jembe, jiko na pipa la misumari la ratili 100, akalipa baada ya mavuno, na mwenye duka akajua nani anadaiwa, nani ana shida na nani anasikilizwa kijijini. Naye Corning hakuchaguliwa umeya na wananchi hata kidogo: hadi kura ya wananchi ilipoanza Albany mwaka 1840, meya aliteuliwa na baraza la mji.

Dhana: asiyegombea hana cha kuulizwa. Collis Huntington na Mark Hopkins walikuwa na duka la vyuma Sacramento kabla ya kuwa wakuu wa reli ya Central Pacific, ambayo rais wake, Leland Stanford, alikuwa wakati huohuo gavana wa California mwaka 1862 na 1863. Huntington hakugombea kiti chochote. Barua zake kuhusu namna ya kuwashawishi wabunge zilisomwa mahakamani miaka ya 1880.

Mzee wangu aliondoka bila kuamua. Wiki iliyopita alinipigia simu kuuliza kama mwanawe mkubwa akiachiwa duka mambo yatakuwa sawa. Nilimwambia, "Mzee, kabla ya hilo, niletee orodha ya shule na zahanati zote zinazochukua saruji kwako mwaka huu, pamoja na majina ya waliosaini ankara." Amesema atakuja nayo Jumatatu.