Meshi ni ipi hasa?

“Kaka, meshi nimeshakutumia, wewe piga hesabu tu.” Ujumbe wa namna hii nimeupata mara ya tatu mwezi huu, safari hii kutoka kwa kijana anayechora breketi ya winchi ya boti la chuma, hapa hapa Mwanza. Nafungua faili: STL, aina ya faili la umbo la pande tatu. Basi tuongee.

Kwenye uchambuzi wa elementi finaiti, yaani njia ya kompyuta ya kukadiria kama kitu kitahimili mzigo, meshi ni umbo lililokatwa vipande vidogo, nje mpaka ndani, vinavyoshikana kwenye mafundo. Programu hutafuta kwanza kila fundo limesogea kiasi gani. Mkazo wa chuma, yaani nguvu inayobebwa na kila eneo dogo la chuma, hupatikana baadaye kutokana na kusogea huko. Maana ndiyo hiyo.

Neno lenyewe Waingereza walilitoa kwenye uvuvi: mesh ni jicho la wavu. Na node yao inatokana na Kilatini nodus, yaani fundo. Sisi wa ziwani maneno yote mawili tulikuwa nayo kabla ya kompyuta kufika. Kinachonikera ni kwamba tumeshika jicho tukasahau fundo. Nenda mwalo wa Igombe asubuhi umwangalie mzee anayetia kiraka wavu wa sangara. Mnunuzi wa wavu huuliza jicho, kwa kuwa jicho ndilo huamua samaki gani anaswe. Mshonaji yeye anahangaika na fundo. Kiraka kinaweza kuwa na macho yaleyale, kikalala juu ya tundu kikalingana kabisa, ila kama pindo halijafungwa fundo kwa fundo, sangara anapita. Bamba mbili kwenye skrini nazo ni hivyo hivyo: zinaonekana zimegusana, lakini kama hazina mafundo ya pamoja, wala hukuiambia programu kuwa zimeungana, nguvu haivuki. Unakuta moja inaelea.

STL je? Ilizaliwa 1987 kwenye kampuni ya 3D Systems, kwa ajili ya mashine za kuchapa vitu vya pande tatu. Pembetatu zake zinafunika ngozi tu, ndani hamna kitu. Uso bapa wa mstatili, hata uwe na urefu wa mita, unatoshwa na pembetatu mbili. Ukiutoboa tundu la bolti, zinatokea pembetatu nyembamba kama miiba ya sato, na duara lenyewe linakuwa pembe nyingi. Mashine ya kuchapa haina neno. Mimi ninalo, maana mkazo hupenda kurundikana pembeni mwa tundu hilohilo. Tena STL haibebi vipimo: 120 ni milimita au inchi? Utajua mwenyewe.

STEP, aina nyingine ya faili la umbo, yaani kiwango cha kimataifa ISO 10303 kilichoanza kutolewa 1994, inabeba uso halisi: silinda inabaki silinda, na kipimo kimo. Hata hivyo nayo, ile tunayotumiana kila siku, inaleta umbo tu. Mzigo na sehemu zilizokazwa huwekwa upande huu wa uchambuzi, na meshi pia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ulichonitumia ni ganda, na hujakosea sana, maana hata programu nyingine huliita meshi. Nitumie STEP, uniandikie winchi inavuta kilo ngapi na bolti zipi zimekaza breketi kwenye sitaha. Meshi nitaisuka mwenyewe.